Chemba Chini ya Kitanda cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ana ugomvi na mikunjo. Kwa miaka thelathini na minne alinyoosha mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mama Pasi. Mpe taulo uliyoikunja hovyo uone. Ataikunjua mbele yako, aikunje upya, kisha akurudishie bila neno. Nimeishi naye miaka tisa, na nilidhani namjua.

Mwezi uliopita bafu letu liligoma. Ukioga, maji hayaondoki; yanakusubiri miguuni na povu lake, kisha yanaanza kupanda na harufu ya kukukatisha hamu ya chakula. Nikamwita fundi bomba, mtu mnene ambaye wenzake humwita Taratibu, na hawajamsingizia. Nusu saa nzima hakugusa kitu. Alizunguka nyumba akitazama kuta, akafunua chemba ya jikoni, lile shimo ambamo mabomba ya maji machafu hukutana, kisha akafunua ya getini. Zote mbili zilikuwa safi.

"Chemba ya bafuni iko wapi?" akaniuliza.

"Si hizo hizo?"

"Hapana, dada. Bomba linatoka bafuni likielekea nyuma, halafu linatokea getini. Mahali fulani limekata kona, na penye kona lazima pawe na shimo."

Hapo udadisi ukanipanda. Mimi ni fundi cherehani, kona nazijua. Nguo haipindi bila mshono. Nikamfuata nyuma nyuma kama mkaguzi. Akasema anataka kitu cha kutia maji rangi, nikakumbuka buluu ya kufulia. Nikaenda kuiomba chumbani kwa mama.

"Ya nini?" akauliza. Nilipomweleza akanipa kifuko. "Nyumba hizi za kuongezaongeza hazina mpango, mwanangu. Sioni haja ya fundi kujisumbua kutafuta sana."

Nilishangaa. Huyu ni mtu anayeweza kutafuta soksi moja siku mbili.

Tulimwaga ndoo mbili za maji ya buluu bafuni, tukaenda kusimama getini. Halikutoka hata tone. Fundi akaingiza waya wake wa kuzibulia kutokea chemba ya getini, ukaenda, ukaenda, ukakwama. Akaufunga kitambaa pale ulipoishia mkononi mwake, akauvuta, akaulaza chini akifuata njia ya bomba. Ncha ikagota kwenye ukuta wa chumba cha Mama Pasi. Zamani kile kilikuwa kibaraza cha nyuma. Waliokaa kabla yetu ndio walioziba kuta wakakifanya chumba.

"Imo humu," akasema fundi.

Mama alikuwa ameketi katikati ya kitanda, mikono mapajani. Fundi akaomba radhi, akaanza kugonga sakafu kwa mpini wa nyundo. Mlangoni palikuwa pagumu. Kabatini pagumu. Karibu na kitanda pakaitika kama debe tupu.

"Miguu inaniuma leo," mama akasema. "Siwezi kuinuka."

Asubuhi ile ile alikuwa ameanika mashuka sita! Fundi alielewa kabla yangu. Akasema amesahau kitu nje, akatoka.

"Mama, kuna nini chini ya kitanda?"

"Kifuniko." Hakujitia hamnazo. "Nilikiona wiki ya kwanza, nikideki. Nikatandika zulia la plastiki, nikasogeza kitanda juu yake."

"Miaka yote hii?"

"Ningesema, mngeniacha nilale humu? Mngesema ni stoo. Na wewe ulishamwambia mwanangu kwamba chumba hiki kikiwa wazi utaweka vyerehani vyako. Ukuta huu mwembamba."

Nilisema, siwezi kukana. Nilisema mara moja, mwaka wa pili, siku niliyochoka kushonea kwenye meza ya chakula. Mimi nilisahau kesho yake. Yeye aliishi na maneno yale. Miaka yake yote ya kazi alilala hosteli, vitanda vinane chumba kimoja. Alipostaafu akalala sebuleni kwa binti yake, nyuma ya pazia. Mlango wa kufunga kwa ufunguo aliupata kwetu, akiwa na miaka sitini. Niliona aibu hadi masikio yakapata moto.

"Hakuna wa kukuhamisha, mama."

"Ukishaliona shimo utasema mengine."

Sidhani kama aliniamini. Aliinuka kwa sababu ukingo wa zulia ulianza kulowa maji ya buluu, naye hawezi kuvumilia doa.

Nikamwita fundi, tukasogeza kitanda, akabandua kifuniko. Shimo lilikuwa limejaa pomoni. Akatumbukiza kulabu, akavuta donge zito, akaliweka kwenye ndoo. Lilikuwa uzi. Mwekundu, wa kijani, vipande vya bitana, hata uzi wa dhahabu wa gauni la bi harusi niliyemshonea mwaka huu. Kila jioni nilikuwa nikideki pale ninaposhonea na kusuuza dekio bafuni. Ningeshukuru kama mmoja wao angenigombeza tu.

Maji yaliposhuka, fundi alijifuta mikono.

"Kuna njia mbili. Tuiache hapa, chumba kiwe cha kuwekea vitu, ikiziba mnafungua. Au nipitishe bomba nje ya ukuta, nichimbe chemba mpya uani, hii niijaze zege. Hiyo ni wiki nzima, na mtaenda kuoga kwa jirani. Dada, unasemaje?"

"Muulize mwenye chumba."

Mwenye chumba, na miguu yake inayouma, alikuwa ameshapiga magoti ukingoni na tochi ya fundi mkononi.

"Hili ndilo linalotoka bafuni?"

"Ndilo, mama."

"Na hili?"

"Linakwenda getini."

"Kumbe! Miaka tisa nayasikia maji yakipita, nikidhani yanakwenda upande ule." Akamulika tena, akachungulia kila tundu kwa zamu, hakuwa na haraka. Kisha akainuka, akakung'uta gauni.

"Chimba nje," akamwambia fundi.

Tangu ahamie kwetu alikuwa hajamwagiza mtu kitu ndani ya nyumba hii. Fundi alikwenda kuchukua sururu.