Hesabu ya Watoto wa Mama

Utotoni mwangu kule Kaikor, kaskazini kabisa mwa Kenya, hakuna mama aliyesema hadharani ana watoto wangapi. Mtoto akihesabiwa, walisema, ameonyeshwa kifo. Mama yangu aliamini hivyo kuliko wengi, na alikuwa na sababu. Tulipokimbia mapigano ya mpakani, baba alituhesabu watoto njiani, tukawa sita. Kabla hatujafika tulikokuwa tukienda, homa iliwachukua wawili.

Vita vilipotulia tukarudi. Pampu ya kisima ilikuwa imevunjwa, na katika zahanati alibaki nesi mmoja na rafu tupu. Ndipo akaja mtu wa chanjo na kisanduku chake cha barafu. Alikuwa ametoka Kenya, maana huko kwetu, kusini kote ndiko tulikokuita Kenya. Hakujua Kiturkana, na mama hakujua Kiswahili. Mimi nilikuwa darasa la pili, basi nikawa mkalimani.

"Uliza mama, watoto wa hapa ni wangapi?"

"Mwambie watatu," mama alisema. Akiru, kitindamimba wetu, alikuwa amelala ndani, amefunikwa ngozi za mbuzi.

Mimi nilipenda hesabu, na mwalimu alikuwa amenisifu juzi tu. Nikainua vidole vinne.

"Sasa wa nne ako wapi?"

Mama aliona vidole. Hakunipiga. Aliushika mkono wangu taratibu, akakunja kidole kimoja. "Mwambie bado hujajua kuhesabu."

Nikamwambia. Yule bwana alitazama mlango wa kibanda, akatazama jua, akatuchanja sisi watatu, akaenda zake. Manyata zilizomngoja zilikuwa nyingi.

Wiki chache baadaye surua iliingia. Sisi tuliochanjwa haikutugusa. Akiru macho yalimwiva, vipele vikamjaa, akakataa hata maziwa. Mama alimbeba hadi zahanati. Nesi alimpa dawa ya homa, akasema apelekwe hospitali ya Lodwar. Gari halikuwepo siku hiyo, wala kesho yake. Tulikaa kwenye kivuli cha ukuta tukimpepea. Asubuhi ya siku ya tatu mama aliacha kupepea. Mimi niliendelea.

Leo mimi ndiye ninayechanja watoto, huko Kakuma. Nikimwona mama akisita kabla ya kunijibu, sina la kufanya ila kukaa chini na kungoja, na mara nyingi jua hutua kabla hajanijibu.

Mama yangu anaishi Nawoitorong, Lodwar, nami humtembelea kila mwisho wa mwezi. Mwaka jana, tukinywa chai, alisema bila kunitazama, "Ulikuwa mdogo. Ile siku ulipomhesabu Akiru mbele ya mgeni, nilikusamehe zamani."

Nilifungua mdomo. Ningeweza kumweleza habari ya surua na sindano ile moja aliyoikosa Akiru. Lakini lawama ambayo ingenitoka mimi ingemwangukia yeye, mama aliyezika watoto watatu.

"Asante, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Nikammiminia chai nyingine.