Mama Alipoonja Udongo wa Njiru

Walisema mtoto wa Dandora, aliyezoea harufu ya jaa la taka, hangeweza kujua udongo. Leo nina diploma ya mambo ya udongo, nimefanya kazi ng'ambo nikarudi, na wenye mashamba hunisubiri wiki nzima. Juzi huko Njiru nilikuwa na vifaa vyote vya kupimia, lakini nilijikuta nimeulamba udongo kidogo.

Ndivyo Mama alivyofanya nikiwa mdogo. Alikuwa amekopa kikombe cha maharagwe ya mbegu kwa kila jirani, na akikosea shamba, mbegu zote zingepotea. Huko huko Njiru, mzee mmoja alimwonyesha vipande viwili vya shamba vya kukodi. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na udongo ulinukia vizuri. Mama aliufinya, akauonja, akatema.

"Huu una magadi, mzee. Nipe kile kingine."

Mimi niliwajua wanawake wanaokula udongo. Walinunua vijiwe vya odowa, udongo mkavu wa kutafuna, dukani wakiwa wajawazito. Tuliporudi nyumbani nilikimbia kwa Mama Zuhura, jirani yetu, nikamwambia nitapata ndugu. Kufikia jioni majirani wa ploti nzima walikuwa wakimpongeza Mama.

Maharagwe yalizaa sana. Siku ya kulipa, Mama alipita mlango kwa mlango na debe, akirudisha vikombe vilivyofurika.

"Na yule mtoto, mama, umemficha wapi?" Mama Zuhura alimuuliza.

Mama alimjazia kikombe chake. "Ndiye huyu. Mpike polepole."