Chumba cha Mzazi

Harufu ile ya dawa ya mbu, kali kama mafuta ya taa, leo imeingia kabla ya hodi, nami papo hapo nikamuona nyanya, kama nilipokuwa mtoto, kasimama mlangoni kwetu Likoni, kanga kaifunga kifuani.

"Humu mna mzazi," aliwaambia wale wanaume wa bomba. "Hajatimiza arobaini tangu ajifungue. Mwanamume haingii."

"Twapuliza kuta tu, mama. Ni kinga ya malaria."

"Mbona nyinyi mmejifunga pua? Dawa gani hiyo, yamwogopesha hata mwenye kuipuliza?"

Walipuliza nyumba nzima, wakakiacha chumba cha mamangu na mtoto wake mchanga. Kuta zetu zikabaki na weupe kama unga, tukakatazwa kuzigusa. Mbu wote wakahamia kwa mama. Ndugu yangu huyo alipochemka mwili na kukakamaa, nyanya alisema ni dege, yule shetani wa watoto, akamfukiza ubani. Tulimzika kabla arobaini haijatimia. Wale wa bomba hawakurudi hata kuuliza.

Leo ni mavyaa, mamake mume wangu, aliyeziba mlango. "Humu mna mzazi!"

Niliwachungulia wa bomba wa leo. Wamejifunga pua vilevile, na wallahi siwaamini hata kidogo. Nikamfunika mwanangu gubigubi, nikampita mavyaa, nikaenda kusimama uani.

"Weye! Na arobaini?"

"Mzazi ndiye mimi, mama, na nimeshatoka. Nanyi wa bomba, ingieni, msiache hata pembe."