Marcelina na Safari ya Grenada

Miaka yote aliyoishi Edmonton, kaskazini mwa London, Marcelina hakuwahi kupata likizo isiyokuwa na harusi, msiba au kipaimara ndani yake. Akipanda ndege ni kwenda Moshi, na akifika Moshi ni kujifunga kanga na kuingia jikoni kwa mama mkwe. Alikuwa akirudi London amechoka kuliko alivyoondoka.

Ndiyo maana Verlyn, mfanyakazi mwenzake katika nyumba ya kutunzia wazee, alipomkaribisha kwao Grenada, kisiwa cha Karibiani, mwezi wa nane, alikubali papo hapo. Alishaonyeshwa video za ufuo, na za alfajiri ya kanivali, watu wamejipaka mafuta meusi mwili mzima wakicheza barabarani na kuburuta minyororo.

"Kwetu utakuwa mgeni," Verlyn alimwambia. "Mama hatakuacha uoshe hata kikombe."

Meneja akaidhinisha likizo. Tiketi ikakatwa.

Jioni moja mumewe, Anselm, akasema huku macho yakiwa kwenye televisheni, "Sendofu ya kumuaga Nancy kabla ya ndoa imesogezwa mwezi wa nane. Nimeshawaambia tunakuja."

"Umewaambia bila kuniuliza?"

"Marcelina, Nancy ni mdogo wangu. Na kama ni bahari, hata Tanga ipo."

"Tanga ulinipeleka lini?"

Anselm akaongeza sauti ya televisheni. Walinuniana mpaka siku ya safari ya Anselm. Akaenda Moshi peke yake, akawaambia ndugu kwamba mkewe yuko Grenada anakula raha.

Verlyn naye akatangulia kwao. Marcelina alikuwa anakunja nguo ya kuogelea ndani ya sanduku meneja alipompigia simu. Wafanyakazi wawili wanaumwa, likizo yake imefutwa.

"Lakini ulinipa tangu Machi."

"Najua. Pole sana. Kesho unaanza saa moja asubuhi."

Akakaa kitandani kando ya sanduku, amekasirika, hana wa kumfokea.

Jumamosi ya sendofu akapiga simu ya video kumpongeza Nancy. Simu ikapokelewa na mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Mama akasogeza uso karibu na kioo. "Hilo si jiko lako la London?"

"Kazini wamenizuia, mama. Sikusafiri."

"Ungesema tu hutaki sherehe yetu, mwanangu. Haikuwa na haja ya kutudanganya." Simu ikakatwa.

Marcelina akampigia Anselm. Nyuma yake tarumbeta zilikuwa zinalia.

"Mama ameudhika," Anselm alisema. "Muombe radhi tu, yaishe."

"Sitaomba. Wewe ndiye uliyewaambia nakuja bila kuniuliza, wewe ndiye uliyewaambia nakula raha. Leo hii sina raha na sina sendofu. Nenda kamweleze. Usikate simu, nataka kusikia."

Anselm akaguna. Tarumbeta zikasogea mbali, kisha akasikika akianza, "Mama, ile habari ya Marcelina, kosa ni langu," halafu akababaika, akaanza tena. Mama akamkatiza kwamba wageni wanasubiri chakula, hayo wataongea kesho.

Marcelina akakata simu. Akavaa sare yake, akatoka kwenda kusubiri basi, bado amekasirika.