Rimu za Gari la Wazi la Mzee Kapinga

Katika siku zote za ujana wangu, mwanangu, ipo moja ninayoikumbuka hata harufu yake: siku niliyoingia dukani kwa Mama Zuhura, Mbinga mjini, kununua rimu nne za gari la Mzee Kapinga, naye akakataa kuniuzia.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimerudi kutoka Songea, nilikojifunza ufundi kwenye gereji moja, na kwa maoni yangu hapakuwa na fundi mwingine kutoka huko hadi ziwani. Utanisamehe. Ujana una kelele zake.

Mzee Kapinga alikuwa mkulima wa kahawa, mtu wa maneno machache. Zamani aliwahi kuwa dereva wa mzungu mmoja mtaalamu wa kahawa, na mzungu huyo alipoondoka alimwachia gari lake. Lilikuwa gari la spoti la kizamani, dogo, la kijani, viti viwili tu, halina paa ila turubai la kukunja nyuma ya viti. Mzee alilitunza ghalani pamoja na magunia ya kahawa, akilifuta vumbi kila Jumapili baada ya misa. Tatizo lilikuwa rimu. Zililiwa na kutu, na mbili zilishapata nyufa kwenye matundu ya bolti.

"Nitafutie rimu zitakazolifaa," aliniambia. "Mama yako anataka kwenda kwao kabla miguu haijamkatalia kabisa."

Mama aliyemtaja ni mkewe, Mama Skolastika, mzaliwa wa Lundo, kule chini ziwani. Miguu yake ilikuwa imevimba, na miaka mingi ilikuwa imepita bila kuliona ziwa. Kupanda lori hakuweza tena, wala kusimama kwenye basi. Alichoomba ni kuteremka milima ndani ya gari la mumewe, turubai limekunjwa, ayaone maji tangu pale yanapoanza kuonekana. Macho ya Mzee yalikuwa yamepungua nguvu, kwa hiyo dereva ningekuwa mimi.

Sasa Mama Zuhura. Alikuwa mjane, mtu wa Kilwa, aliyerithi duka la spea kwa marehemu mumewe na kulijua kuliko marehemu alivyolijua. Ukutani alikuwa ametundika rimu nne pana za aluminiamu, zinang'aa hadi unaona uso wako.

"Shikamoo mama. Nazitaka hizo."

"Marahaba mwanangu. Za gari gani?"

Nikamwambia. Akaweka chini kikombe chake cha chai. "Umepima?"

"Nimepima. Matundu manne, na nafasi kati yake ni ileile."

"Ulipima gari likiwa tupu au lina watu?"

"Tupu."

"Usukani ulikuwa umenyooka au umeukata?"

"Umenyooka."

"Basi hujapima. Hizo ni pana, zitatokeza nje. Gari likibeba, bodi inashuka. Likikata kona, tairi linakutana na madigadi. Rudi ukamkalishe ndani mtu mwenye mwili kama wangu, ukate usukani pande zote mbili, kisha uje. Au subiri, nimwandikie kaka yangu Dar es Salaam akutafutie za chuma za kawaida, saizi ya zile za mwanzo."

"Za chuma!" nikacheka. "Mama, hizo ni za pikapu za kubebea mahindi. Kizuri chajiuza."

"Chajiuza, lakini mimi sikiuzi. Gari lingekuwa lako ningekupa sasa hivi ukajivunjie shingo mwenyewe. Hili utampakia mama wa watu."

Niliondoka nimenuna, mwanangu. Nje nikawaambia vijana wenzangu kwamba yule mama anachojua ni bei tu, ufundi haujui. Kesho yake nikapanda basi hadi Songea, nikapata rimu kama zile kwa mtu ambaye hakuniuliza swali hata moja. Nilimwona muungwana. Leo najua kwamba hakuniuliza kwa sababu hakunijali.

Nilipozifunga, gari lilimeremeta. Pale stendi watu waliacha shughuli zao kuja kulitazama. Mzee Kapinga alilizunguka mara mbili, akasema, "Zinang'aa." Yeye alitangulia kwa lori kwenda kuwaarifu shemeji zake, nami nikabaki nimlete mama.

Tukaondoka asubuhi, Mama Skolastika pembeni yangu na kilemba kipya, nyuma yetu mfuko wa unga, maharage na kahawa ya zawadi. Kwenye tambarare gari lilikwenda vizuri. Milima ilipoanza, kona ya kwanza tu, nikasikia sauti ya kukwaruza chini ya bodi, upande wangu wa mbele. Kona ya pili ikarudi. Kisha harufu ya mpira unaoungua.

"Mwanangu," mama akauliza, "hiyo harufu ya nini?"

Nilijua. Nakwambia kweli, nilijua palepale, na maneno ya Mama Zuhura yalinijia yote. Lakini kusimama kungekuwa kukiri, nami sikuwa tayari kukiri mbele ya mtu.

"Ni breki tu, mama. Za mlimani huwa hivyo."

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Hatukupita kona tatu nyingine. Madigadi, lile bati la juu ya gurudumu, ilikuwa imelichana tairi, nalo likapasuka kwa kishindo, gari likavuta kuelekea bondeni. Kule chini niliona vichwa vya miti. Nikaukata usukani kwa nguvu zangu zote kuelekea mlimani, tukapanda ukingo wa udongo, tukagonga, tukasimama.

Mama Skolastika alivunjika kifundo cha mkono. Nilimtoa nikamkalisha pembeni ya barabara. Aliushika mkono wake, akanitazama.

"Ile sauti uliisikia."

"Niliisikia, mama."

"Tangu wapi?"

"Kona ya kwanza."

"Rimu ulikosea, na kukosea ni kwa kila mtu. Ila nilikuuliza, ukanijibu ni breki. Ungesema hujui, tungeshuka tukaangalia wote wawili."

Hakupaza sauti. Afadhali angenipiga. Lori lililokuwa likipandisha usipa, dagaa wakavu, kutoka ziwani lilitukuta, likatuchukua hadi hospitali. Hivyo ndivyo safari yake ilivyoishia, kwa kurudi Mbinga akinuka samaki wa kwao ambao hakufika kuwaona.

Mzee Kapinga aliporudi nilimfuata mwenyewe kabla hajaniita. Nikamweleza yote, hata kule kukataliwa dukani, ambako hakukujua. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Gari bado liko mikononi mwako. Nenda kwa yule aliyekukatalia."

Nilikwenda nikitegemea kuchekwa. Mama Zuhura aliuliza kitu kimoja: "Mgonjwa anaendeleaje?" Nilipomjibu, akavuta karatasi, akamwandikia kaka yake. Nami nikalivuta gari kwa lori hadi ghalani, nikainyoosha bodi; baada ya wiki kadhaa rimu zikafika kwa basi, zimefungwa kwenye gunia: za chuma, rangi ya kijivu, hazina maringo yoyote. Siku hiyo alifunga duka mchana, akaja hadi ghalani kwa Mzee, akakusanya baibui lake akaketi kiti cha abiria, akaamuru gunia la mahindi liwekwe nyuma.

"Kata kulia. Sasa kushoto. Shuka, pitisha mkono wako kati ya tairi na madigadi."

Mkono ulipita.

"Haya," akasema. "Sasa umepima."

Mkono wa Mama Skolastika ulipopona, mumewe alitaka kutafuta dereva mwingine, na alikuwa na haki. Mama alikataa. "Huyu ameshaijua sauti ya gari likiumwa," alisema, "mwingine bado hajajifunza."

Tukashuka tena. Safari hii nilisimama mara nne kukagua matairi, na kila mara nilimweleza ninachokiangalia. Maji yalipotokea mbali, katikati ya milima, akaniomba nisimame mara ya tano. Alifungua kilemba upepo ukampiga kichwani, kichwa cheupe kabisa, akalia kwa raha. Lundo dada zake walitoka wakiimba, wakambeba na kiti chake hadi ufukweni, wakamwekea miguu majini. Alikaa kwao mwezi mzima. Aliishi miaka mitatu mingine, na kila nilipokwenda kumsalimia aliniita dereva wangu.

Mwanangu, siku hizi mnachagua rimu kwenye simu, na mimi siwalaumu. Hata mimi napenda kitu kizuri. Ila chochote unachokichagua, iwe kifaa, kazi au mwenzi wa maisha, usikipime siku ya tambarare ukiwa huna mzigo. Kipime na mzigo wake na kona zake. Na ukisikia kinakwaruza, sema, hata kama ni wewe uliyekifunga. Aibu ya kusimama njiani ni ndogo, na mwenye safari hukusamehe upesi. Halafu mheshimu anayekunyima kitu kwa ajili ya usalama wa mwingine. Mimi nilipata walimu watatu katika msimu mmoja: mmoja alinikatalia, mmoja alinikemea, mmoja alinirudishia kazi. Ufundi wangu wote ulitoka kwao, na sijui nilistahili vipi kuwapata.

Mungu akubariki, mwanangu. Akubarikie mikono na riziki yake, akupe masikio yasiyochoka kusikia, na watu watakaoketi pembeni yako bila hofu. Nenda salama, ufike, na uliowapakia wafike.