Mama Mvua na Paa la Buluu

Kuna wanaume wameoa wapenda maua, wengine wameoa wapenda nguo. Mimi nikajaliwa mpenda mapaa. Mke wangu akiingia hospitalini, dukani, hata kwenye harusi ya watu, jambo la kwanza ni kuinua shingo na kutafuta vinyunyizio vya kuzimia moto. Salamu baadaye. Siku nilipompeleka kwetu kumtambulisha, mama alidhani binti wa watu anatazama utando wa buibui, akashika ufagio palepale.

Kazini kwake wanamwita Mama Mvua. Anachora mabomba ya maji yanayopita chini ya mapaa ya maghala. Mabomba hayo yana vichwa vidogo vidogo, na kila kichwa kina kijichupa cha kioo. Joto la moto likikifikia kijichupa, kinapasuka na maji yanamwagika. Ukimsikia mpaka hapo utadhani kazi ni rahisi. Ndipo anapokueleza kwamba paa likiwa juu sana, moto unakuwa umeshanenepa kabla joto lake halijakifikia kioo, na matone madogo yanageuka mvuke huko huko hewani bila kugusa kitu. Kwa hiyo yeye anataka matone manene, mabomba manene na pampu yenye kifua. Haya ndiyo mazungumzo yetu ya mezani. Wenzangu huulizwa kama chumvi imekolea.

Basi kaka yangu mkubwa, bwana mipango, akajenga ghala refu la vitu vya nyumbani. Mimi akaniajiri kuwa mtunza stoo, na mke wangu akamwomba achore mabomba, kwa malipo ya undugu, yaani ahsante.

"Shemeji, utaweka nini humo?" mke wangu alimuuliza.

"Vitu vya nyumbani tu. Vikombe, sahani."

"Na magodoro?"

"Mawili matatu."

"Yatapangwa mpaka wapi?"

"Shemeji, hivi ghala ni lako au langu?"

Mke wangu anawajua wenye maghala. Magodoro mawili matatu kwao ni mlima, na juu ya mlima wanapandisha makochi na viti vya plastiki. Akachora kwa hesabu ya mlima, maana sponji ikishika moto haina subira. Akaongeza safu nyingine ya vichwa katikati ya rafu, kaka akalalamika kwamba anawekewa mabomba ya kumwagilia bustani. Lakini alilipia na mabomba yakafungwa. Hapo nimpe haki yake.

Ukabaki ukaguzi wa mwisho: mke wangu aweke saini, mgeni rasmi akate utepe. Sasa kaka, ambaye hajawahi kuona kitu kikamtosha kilivyo, akaona mabomba mekundu hayapendezi. Akaita mafundi wapulize buluu, rangi ya kampuni yake. Mafundi walikuwa hodari ajabu. Walipuliza paa, wakapuliza mabomba, wakapuliza na vichwa vyote pamoja na vijichupa vyake, bila ubaguzi. Kaka alinipigia simu kunisimulia uzuri wake mpaka salio likaisha.

Mke wangu alipofika aliinua shingo kama kawaida yake, kisha akaishusha.

"Vichwa vyote vitolewe, viwekwe vipya," alisema.

Kaka alicheka. "Kwa sababu ya rangi tu? Si watakwangua."

"Haikwanguliwi, shemeji. Kioo chenye rangi kinachelewa kupata joto, na hata kikipasuka, kizibo kinachozuia maji kinaweza kugandia pale pale. Mimi sisaini."

Ah, undugu. Jioni ile sebule yetu ilijaa. Mama alikuja kutuliza mambo, yaani kuyachochea kwa sauti ya chini. Kaka alisema mialiko imeshatoka, mgeni rasmi ameshashona suti, na kwamba hakujua kama adui yake amelishwa miaka yote kwenye sahani za ukoo.

"Mwanangu," mama akamwambia mke wangu, "damu ni nzito kuliko maji."

"Sibishi, mama," mke wangu alijibu. "Ila damu haizimi moto."

Na mimi, kichwa cha nyumba? Nilisimama imara kabisa, upande wa aliyeniajiri. Wageni walipoondoka nikamfuata mke wangu jikoni kumbembeleza.

"Fumba jicho moja tu. Uzinduzi ukipita, kaka atavibadilisha taratibu. Kwani huo moto wenyewe nani kauona?"

Aliendelea kusugua sufuria. "Ofisi ya kaka yako iko wapi?"

"Getini."

"Na meza yako?"

Nilijua ilipo. Iko ndani kabisa, nyuma ya magodoro, na mlango uko upande wa pili wa mlima.

"Ingekuwa ghala la mtu baki pia nisingesaini," alisema. "Ila kwa mtu baki nisingelia."

Hapo ndipo nilipomtazama usoni. Sufuria yenyewe ilikuwa imeshatakata kitambo.

Asubuhi nilikwenda kwa kaka nikiwa na funguo za ghala mfukoni. Nikamwambia uzinduzi hakuna mpaka vichwa vibadilishwe vyote, na akitaka kunifukuza kazi anifukuze, lakini funguo nitampa siku vichwa vipya vitakapofungwa.

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mdogo wake aliyekaliwa na mkewe.

"Mkeo kakutuma?"

"Hapana, kaka. Yeye hata hajui nimekuja. Ni mimi ninayeogopa kuungua."