Kiwanja cha Kibamba na Mgonjwa Ambaye Hakuwepo

Mwaka ule nilikuwa nimepoteza kazi yangu ya bima, nikajigeuza mtafiti wa biashara. Jina kubwa kwa mtu mwenye daftari, kalamu mbili na simu iliyopasuka kioo. Kazi yangu ya kwanza ya maana nilipewa na mzee mmoja wa Kihindi, Mshia, mwenye duka la vipuri vya magari Kariakoo. Alitaka kufungua mahali pa kuoshea magari kwa mashine: gari linaingia upande mmoja, mabrashi makubwa yanalizunguka, linatokea upande wa pili limekauka. Mjini hakutaka. Alitaka pembeni, kule watu wanakojenga.

"Nitafutie kiwanja," aliniambia. "Lakini usinichagulie kwa macho. Kaa pale, tazama, zungumza na watu, halafu uje uniambie."

Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyezaliwa Kariakoo, kimenyooka kuliko changu mie niliyetoka Bukoba nikiwa mkubwa.

Vilikuwepo viwanja vitatu. Cha Ukonga nilikiacha siku ya pili, maana barabara iliyopita mbele yake ilikuwa nyembamba na magari mawili tu yakisubiri zamu yangeziba njia ya mtaa mzima. Cha Mbezi Beach kilikuwa kizuri kweli, lakini kule kila nyumba ina geti na mtu wa kuoshea gari humo ndani, na maji ya visima yana chumvi. Yakikaukia juu ya rangi yanaacha madoa meupe. Kikabaki cha Kibamba, kando ya Barabara ya Morogoro, upande wa watu wanaorudi nyumbani. Umeme wa njia tatu, ule wa kuendeshea mashine kubwa, ulikuwa unapita jirani. Magari yalikuja yamejaa vumbi la mitaa ya ndani ambako lami haijafika. Kisima kilikuwepo, tena maji yake matamu.

Kisima hicho kilichimbwa na mama aliyekuwa akiosha magari pale.

Alikuwa mtu mzima wa Songea, mjane, mwenye mashine moja ya presha, tangi la plastiki na turubai la kukingia jua. Kiwanja hakikuwa chake. Mwenye kiwanja aliishi Mbezi Beach, na alikuwa amemruhusu mama akae hapo kwa maneno tu, bila karatasi. Mimi nilihitaji kukaa hapo siku kadhaa, nihesabu magari na nijue kila kitu anachokijua yeye. Asubuhi ile ya kwanza ningeweza kumwambia ukweli. Niliogopa atanifukuza, au atanificha mambo. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kituo cha afya. Alipoona nimesimama juani muda mrefu akauliza, "Baba, unamsubiri mtu?"

Nikamjibu, "Shikamoo mama. Nina mgonjwa pale ng'ambo. Mke wangu."

Ilitoka yenyewe, kama mtu anavyotaja jina lake.

Akanivutia kiti chini ya turubai. "Anaumwa nini, mwanangu?"

Hapo ndipo ninapoona aibu zaidi, na ndiyo sababu naandika haya. Uongo mtupu ungenishinda kuusema vizuri, kwa hiyo nilichukua kitu cha kweli. Miaka mitatu kabla ya hapo mke wangu alilazwa kwa mimba changa iliyokuwa inatishia kutoka, na baada ya siku tano ikatoka. Tulikuwa hatujawahi kumsimulia mtu. Wazazi wetu wenyewe waliambiwa ni malaria. Mimi nikayatoa yote pale kwa mtu nisiyemjua: damu ilivyoanza alfajiri, kitanda kilivyoinuliwa miguuni kwa matofali, mke wangu alivyokatazwa hata kwenda chooni. Nilichofanya ni kusema yanatokea wiki hii, na kwamba mtoto bado yupo.

Mama yule aliziba mdomo kwa ncha ya kanga, machozi yakamtoka. Mimi nilikuwa natazama magari juu ya bega lake, nikiyahesabu kichwani.

Nilikaa siku sita. Alinipa kiti kilekile kila siku. Aliniletea chai, na tulipokuwa tunakunywa nilimuuliza, kama mtu anayepoteza muda, siku zipi wateja wanajaa, wanatokea mitaa gani, mvua ikinyesha maji yanatuama wapi, umeme unakatika mara ngapi. Alinijibu yote, tena kwa furaha ya mtu anayeulizwa kuhusu kazi yake. Alinionyesha mtaro alioupigia hesabu mwenyewe ili maji ya sabuni yasiingie kwa jirani. Aliniambia ana miaka kumi na moja pale, na kwamba watu wa kwanza kujenga kule nyuma anawajua kwa magari yao kuliko kwa sura. Nilikuwa nikivuka kwenda kituo cha afya kama naenda kumwona mgonjwa, nakaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje, nayaandika aliyoniambia kabla sijayasahau, kisha narudi.

"Vipi, ameamkaje?"

"Hajambo kidogo, mama. Damu imepungua."

"Mungu ni mwema."

Siku ya Jumapili sikwenda. Sie tulikuwa nyumbani Tabata, mke wangu anasonga ugali, anaimba. Kumbe mama yule alikuwa ametoka kanisani na wenzake wawili wa jumuiya yao, wamebeba uji wa ulezi kwenye chupa, wamevuka barabara kwenda kumwona mgonjwa wangu. Walimtafuta wodi ya wanawake. Muuguzi akawaambia hakuna mwenye hali hiyo. Wakazunguka wodi zote, kitanda kwa kitanda. Wenzake wawili hao, nilikuja kujua, walikuwa wamefunga siku tatu kwa ajili yake.

Jumatatu aliponiona hakunisalimu. Alinishika mikono yote miwili, mikono yake ikiwa bado na povu.

"Baba, niambie tu. Mke wako yupo?"

Alidhani amekufa. Uso wake ulikuwa umevimba. Nafasi ilikuwa ile. Maneno matatu yangetosha. Mimi nikasema, "Walimhamishia hospitali ya mjini Jumamosi usiku, mama. Yupo. Anaendelea vizuri."

Akaachia pumzi, akaketi chini kabisa, kwenye zege lenye maji. "Ahsante Yesu," alisema. "Ahsante Yesu." Nami nilikuwa nimeshapata kila nilichokitaka, kwa hiyo nikaaga na sikurudi tena.

Taarifa niliyoandika ilikuwa nzuri. Sijapata kuandika nyingine nzuri kama ile. Mzee aliisoma nyuma ya kaunta ya duka lake, miwani imemshukia puani, akafika ukurasa wa tatu akanyanyua macho.

"Haya ya mtaro na ya wateja, amekwambia nani?"

"Nimeyaona mwenyewe, mzee."

"Pale pana mtu anaosha magari?"

"Wapo wapo tu, si wapangaji rasmi."

"Wapo wapo tu maana yake nini? Wana muda gani pale?"

"Sikuuliza, mzee."

Aliniamini. Mwenye kiwanja akafurahi kupata mpangaji wa mkataba, na mama yule akapelekewa ujumbe kwamba ana mwezi mmoja aondoe vitu vyake. Mambo hayo niliyasikia, nikajiambia kuwa hata kama si mimi, angekuja mtu mwingine na kiwanja kingechukuliwa. Nadhani hilo ni kweli. Halikunisaidia kulala vizuri zaidi.

Wiki mbili baadaye mzee aliniita dukani. Sikumkuta na hasira. Aliniagizia chai, akasubiri iletwe, ndipo akauliza, "Mke wako hajambo?"

"Hajambo, mzee."

"Na mimba?"

Nikarudisha kikombe juu ya kaunta. Alikuwa amekwenda mwenyewe kukitazama kiwanja, akamkuta mama, wakazungumza. Mama alimweleza habari za kijana mmoja mpole aliyekuwaga anakaa chini ya turubai na daftari kwapani, mke wake mgonjwa. Alimwomba mzee, kama mtu wa mjini, amsaidie kumuulizia hospitali za huko.

"Mimi ni mfanyabiashara," mzee alisema. "Kiwanja nimekichukua na mashine itakuja. Lakini nilikwambia uzungumze na watu. Ungeniletea jina la huyu mama, ningekwenda kwake kwanza, nikajua kisima ni cha nani. Umenifanya niingie kwenye uwanja wa mtu kama mwizi, na mimi sina habari." Akanywa chai yake yote. "Nitamlipa kisima chake. Hilo ni langu. La kwako kalifanye mwenyewe."

Nilikwenda siku iliyofuata. Nilimkuta ameinamisha tangi anamwaga maji ya mwisho ili libebeke. Aliponiona akaliacha, akanijia anacheka kwa furaha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu! Mgonjwa wetu?"

"Mzima," nikasema. "Mama, hakuwa anaumwa. Hakulazwa pale. Nilikuwa nahesabu magari kwa ajili ya hawa wanaoleta mashine. Nilikudanganya."

Maji ya tangi yalikuwa yanapita kati ya miguu yetu. Nilitaka anitukane, ningeshukuru. Alichouliza ni, "Ile mimba je?"

"Ilikuwa kweli. Lakini zamani. Ilitoka."

"Oh," alisema, taratibu, kama mtu aliyejikata. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea: "Sasa wale wenzangu nitawaambia nini? Mpaka leo wanamtaja kwenye sala."

Akalishika tangi tena upande mmoja, mimi nikashika upande wa pili, tukalilaza.

"Nitawaambia alipona," alisema. "Mungu anisamehe. Siwezi kuwaambia hili."

Basi akawa ananidanganyia watu wake kwa ajili yangu. Nilimsaidia kufunga turubai. Hakunikatalia wala hakunizungumzisha tena. Vitu vyake vilipakiwa kwenye gari dogo la mizigo, akahamia mbele zaidi, nje ya mji kidogo, mahali ambapo barabara inapanda na magari ni machache. Mzee alimlipa kisima kama alivyoahidi na kumwomba afanye kazi ya kusafisha ndani ya magari, maana mashine haifiki kwenye viti. Alikataa kwa adabu.

Mke wangu nilimwambia mwezi huohuo, Jumamosi mchana, alikuwa anaanua nguo. Nilimsimulia yote bila kupunguza. Aliendelea kukunja nguo mpaka zikaisha.

"Ulimwambia na yale matofali?"

"Nilimwambia."

"Na ile damu?"

"Na damu."

"Akafanyaje?"

"Alilia."

Akakaa kwenye ngazi, ameweka nguo mapajani. Siku aliporuhusiwa hospitali, miaka mitatu nyuma, mimi nilikuwa nimetoka kwenda kutafuta bajaji, nikarudi nikamkuta ameshavaa, tukaenda nyumbani, na tangu hapo hatukulitaja. Sikulia. Nilidhani namsaidia kwa kutolia.

"Kumbe yupo aliyelia," alisema.

Baada ya wiki aliniomba nimwelekeze mahali alipohamia yule mama. Nikasema tutakwenda pamoja. Akasema hapana. Alikwenda peke yake asubuhi, akarudi saa kumi jioni, macho mekundu, ametulia, kanga yake imelowa ncha. Nilimuuliza walizungumza nini. Alisema walizungumza ya wanawake. Tangu hapo anakwendaga kila baada ya mwezi mmoja hivi, na akiondoka huniambia kuna chakula kabatini. Hajaniambia kama amenisamehe au la, na mama yule, kwa jinsi ninavyojua, hajapata kuniulizia.